Filimbi ya Mfuko wa Kushoto

Wako madereva Jeddah, watu wazima wenye watoto wa sekondari, ambao mpaka leo wanaamini nilihongwa kuku. Tena si kuku wa kufuga. Kuku wa kuoka, mzima, juu ya sinia la wali, eti nilimla peke yangu nyuma ya kibanda cha walinzi siku moja kabla ya fainali. Hadithi yenyewe ina utamu wake na siwalaumu wanaoisambaza. Mmoja wao anakumbuka hata kwamba niliomba pilipili ya ziada. Mimi pilipili situmii! Lakini ni kweli goli nililikataa, na ni kweli lilikuwa goli safi, kwa hiyo acheni nieleze nilifikaje pale, na itabidi nianzie kwenye filimbi.

Nilienda Saudia miaka ile ambapo kila mtaa Kenya ulikuwa na ajenti, na kila ajenti alikuwa na binamu yake Riyadh anayekula vizuri. Kampuni iliyonichukua ilikuwa ya ulinzi. Ikanipa sare mbili, kofia, buti zilizonibana kidole gumba, na filimbi ya plastiki rangi ya chungwa yenye kamba. Nikawekwa Riyadh, mtaa wa Al-Sulimaniyah, kwenye paking ya jengo la maduka. Kazi yangu ilikuwa kupuliza filimbi na kupunga mikono mpaka gari la mtu mwenye haraka liingie mahali panapotosha baiskeli.

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakasirika, Wakenya tulicheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala. Mimi mpira niliujua kwa mdomo tu. Nikiupiga kulia ulienda kushoto, nikiupiga kushoto uliondoka na kiatu changu. Ijumaa ya tatu nahodha wetu akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, wewe una filimbi. Si uwe refa?" Sote tulikuwa na filimbi, tulikuwa walinzi. Lakini nilielewa.

Refa gani mimi, jamani! Mikono yangu ilikuwa bado iko kazini. Mpira ukitoka nje, badala ya kuonyesha nani arushe, nilijikuta nampungia mchezaji arudi nyuma: njoo, njoo, njoo, halas, basi hapo. Beki mmoja alirudi nyuma hivyo hivyo kwa utii mpaka akagonga mlingoti wa goli. Watu walicheka hadi mechi ikasimama, nami nikajua kazi hii nitaipenda.

Shida ilikuwa kwamba kiwanja kilikuwa kimoja na mechi zilikuwa tatu. Sisi katikati, Wasudani upande mmoja, Wahindi upande wa pili, hakuna ukuta, hakuna kamba, mpaka wenyewe umechorwa kwa kisigino. Na marefa wote watatu tulikuwa na filimbi ile ile ya rangi ya chungwa. Refa wa Wasudani akipuliza mtu wao ameotea, beki wetu anasimama, anashika kiuno, anasubiri. Mshambuliaji wetu asiyejali anaendelea na safari, anafunga. Goli! Si goli! Filimbi ililia! Haikuwa yetu! Tuligombana wiki mbili juu ya goli moja, na kuna waliokataa kula sufuria moja.

Aliyekuja na dawa ni winga wetu wa kushoto. Tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na sijawahi kuona mtu mtundu namna ile. Angeweza kukusalimia kwa heshima zote huku mkono wake unafunga kamba za viatu vyako pamoja. "Refa," akaniambia, "hapo ulipofika unahitaji sauti yako mwenyewe. Twende Dirah."

Kule Al-Dirah, ndani ya soko, tulipata duka la mzee wa Kiyemeni aliyeuza kufuli, tochi, tasbihi, na chini ya meza boksi zima la filimbi. Mimi nilidhani filimbi ni filimbi. Kumbe! Kuna nene ya kukohoa, kuna nyembamba ya kutoboa sikio, kuna yenye punje ndani inayorukaruka ukipuliza, kuna isiyo na kitu. Winga akaanza kuzijaribu moja moja. "Mafi! Mafi, ya sadiki!" mzee akapiga kelele, yaani hapana, rafiki, akimpokonya na kuifuta kwa mkono wa kanzu, na kabla hajaiweka chini mwenzangu ameshatia nyingine mdomoni. Wenye maduka jirani wakatoka kuangalia. Kufikia filimbi ya saba mzee alikuwa amechoka kukasirika, akaanza kutushauri. Alituchagulia ya chuma, inayong'aa, nzito mkononi, yenye punje. Ikipulizwa, sauti yake ilitetemeka: prrrrrr. Winga alifumba macho kuisikiliza. "Hii," akasema, "hii hata mimi ningeitii."

Ijumaa iliyofuata nikaivaa shingoni, kifua mbele. Dakika ya tano, faulo. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ebo! Kiwanja kizima kilisimama, si sisi tu, hata Wasudani, hata Wahindi. Halafu wanaume sitini na sita wakaanza kujipapasa kaptula. Walikuwa wanatafuta ikama! Kaptula za mpira hazina mifuko, lakini mikono haikujali, ilipapasa tu. Kipa wetu aliacha goli wazi akakimbilia mkoba wake. Mzee wa Dirah alikuwa ametuuzia, bila ubaya wowote, filimbi ya aina ile ile ya askari wa barabarani, na hakuna mgeni pale asiyejua sauti hiyo inataka nini. Simama, toa kibali chako cha kuishi.

Aliyecheka zaidi ya wote ni winga. Alijitupa chini kwenye vumbi, akapiga ardhi kwa viganja. "Tazameni mnavyojishika! Tazameni!" Yeye ikama yake ilikuwa ndani ya soksi, mpya, halali kabisa, na mtu mwenye ikama kwenye soksi hucheka vizuri sana.

Nikarudi Dirah nikachukua nyeusi isiyo na punje. Hiyo ndiyo filimbi! Vumbi haliikabi, mate hayaizibi, na sauti yake inatoka hata ukiwa na pumzi ya mgonjwa. Nilijifunza kuisemesha. Kosa dogo, fupi, ili mtu asione aibu. Kosa la ubaya, ndefu. Penalti unapuliza bila shaka yoyote, hasa ukiwa na shaka, maana wakisikia filimbi inasitasita wanakuja wote kumi na mmoja kukusaidia kuamua. Goli halina maneno: unapuliza, unanyoosha mkono katikati ya uwanja, basi. Nyeusi ikakaa mfuko wa kulia wa kaptula niliyoshonewa mifuko maalumu na fundi wa Kipakistani. Ile ya chuma sikuitupa, ikawa ya mfuko wa kushoto, ya utundu tu. Winga akichelewa kuamka kwenda kazini nilimpulizia sikioni, na alikuwa akishuka kitanda cha juu bila kugusa ngazi.

Baadaye akapata kafili, yaani mdhamini wa kibali chake, Jeddah, akawa dereva wa familia moja Al-Rawdah, nyumba kubwa, madam mpole, baba mwenye nyumba mkali. Mwaka mmoja ukapita, kampuni yangu nayo ikanihamishia huko huko, kwenye lile joto la kunata ambapo unaoga ukitoka kuoga. Nikamkuta tayari ni winga wa timu ya Madereva. Wakenya wa Jeddah wakanifanya refa wao, ingawa kila mtu alijua mimi ni mlinzi na wapinzani wakubwa wa Madereva walikuwa timu ya Walinzi. Waliniamini hivyo hivyo. Hakuna kitu nilichojivunia Saudia kuliko hicho.

Madereva na Walinzi wakafika fainali. Siku moja kabla, winga akanipigia simu nimfuate nyuma ya duka moja la matairi. Nilimkuta amekaa juu ya tairi la lori, hacheki. Hapo nikaogopa.

Alikuwa amekosana na baba wa Al-Rawdah. Gari lilikuwa limekwaruzwa, mtoto wa nyumba ndiye aliyelikwaruza, lakini lawama ikamwangukia dereva. Maneno yakawa makali, akatoka, na baba akaenda kumwandikisha kuwa ametoroka. Tangu siku hiyo ikama yake ilikuwa kipande cha plastiki tu. Mzee mwenye duka la matairi alikubali kuwa kafili wake mpya, karatasi zilikuwa ofisini, zimebakiza wiki tatu hivi.

"Wakinishika kabla ya hapo, halas," akasema. "Alama za vidole, jela, ndege, na sirudi tena. Na nyumba ya mama kule Kenya imefika kwenye linta, bado paa."

"Basi kaa ndani, bwana!"

"Nimekaa ndani siku kumi na nane. Nimeyapa matairi yote majina. Hili nililokalia ni shangazi yangu." Akalipiga kofi. "Refa, niache nicheze kesho. Kipindi cha pili tu. Na usimwambie mtu. Wenzangu wakijua hawatanichezesha, na neno likimfikia baba, nimekwisha."

Ningekuwa na akili ningekataa. Badala yake tukakaa pale wajanja wawili tukapanga mpango. Nikiona gari la askari, nitapuliza filimbi ya mfuko wa kushoto. Yeye akiisikia, anaondoka, hata kama yuko hewani anapiga kichwa. Kwenye kona ya kiwanja, nyuma ya goli la mbali, ukuta ulikuwa na pengo la kupita mtu mmoja. Mwishowe akacheka kidogo. "Kesho ni mimi nitakayejipapasa," akasema.

Fainali ilianza baada ya sala ya alasiri. Kikombe cha plastiki kilikuwa juu ya boneti ya gari, kinayumba na upepo. Winga aliingia kipindi cha pili, na haki ya nani, siku kumi na nane za matairi zilikuwa zimemjaa miguuni. Aliwapita Walinzi mpaka wakaanza kumwombea akapumzike. Walikuwa wamefungana goli moja kwa moja, dakika zinakwisha. Akapata mpira pembeni kushoto, akamwacha mmoja, akamwacha wa pili, na mimi nyuma yake nakimbia ulimi nje. Nikageuza kichwa kutazama mshika kibendera. Nyuma yake, kwenye lango, gari la askari lilikuwa linaingia polepole.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mfuko wa kushoto. Ukasimama. Nikaona kitu ambacho sisi wajanja wawili hatukukifikiria. Nikiipuliza ile, watu wote watajipapasa mbele ya askari, na mmoja wao atakimbia. Na askari gani hamfuati mtu anayekimbia?

Nikapuliza nyeusi. Ndefu, kali. Winga alikuwa ameshamzunguka kipa, na mchezaji gani anaacha goli tupu kwa sababu ya filimbi? Akausukuma mpira ndani taratibu, kwa dharau. Madereva wakalipuka. Wakamrukia, wakamlalia. Mimi nikafika pale nikitikisa kichwa, nikatoa kadi nyekundu, iliyokuwa kipande cha boksi la sabuni ya unga, nikaiinua mbele ya uso wake.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kunitukana."

"Sijakutukana!"

"Utanitukana sasa hivi. Toka."

Akanitukana kweli. Nahodha wa Madereva akanishika kola, mwingine akanipigia kelele sikioni, na mimi nachungulia juu ya mabega yao. Milango miwili ya gari imefunguka. Askari wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana, wanatembea kuja kwetu. Na huyu mjinga bado ananifundisha sheria za mpira! Nilitamani kumpiga kibao. Nilitamani pia kulia, nasema ukweli.

Nikamsogelea mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Nikatoa ile ya mfuko wa kushoto, nikaificha ndani ya viganja, nikaipuliza kwa pumzi ndogo ya kuzima kiberiti. Prrr.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Tusi lilikuwa limefika nusu, likabaki hapo hapo mdomoni. Hakugeuka nyuma, na kwa hilo nampa heshima yake. Halafu akaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, anavua jezi, anaitupa chini, anatembea. Anatembea, hakimbii. Alienda hivyo hadi kwenye pengo la ukuta akinitukana kila hatua, mimi, filimbi zangu, na mama wa kambo ambaye sijawahi kuwa naye. Mchezaji aliyelambwa kadi nyekundu, nani amtazame mara mbili? Akainama pengoni, akapotea.

Askari kijana akauliza pikapu nyeupe ni ya nani, inaziba geti la jirani. Pikapu! Nikajiuma mdomo nisicheke. Mwenye pikapu akakimbia kuitoa. Kisha yule askari mtu mzima akanyoosha mkono kwa waliokuwa karibu, wale wale Madereva waliokuwa wamelaliana wakishangilia. "Ikama." Wakaleta mikoba yao. Akazisoma moja moja, saba zote, akawarudishia. Kicheko changu kilikauka.

Kijana alikuwa bado ananiangalia mimi. "Hakam," akaniita, yaani refa, halafu akasema polepole ili Kiarabu chake kiniingie. Lile lilikuwa goli.

"Hata serikali!" nahodha wa Madereva akapiga kelele, mikono kichwani. "Hata serikali imesema ni goli!"

Tukaenda penalti. Mpigaji wao bora alikuwa nje ya ukuta hana jezi, wakakosa mbili, wakapoteza. Walinzi wenzangu wakabeba kikombe, na walipopita karibu yangu wakanikonyeza. Kukonyezwa kule kuliniuma kuliko yale matusi yote.

Kufikia Jumapili kuku alikuwa ameshapikwa. Mara alikuwa nusu, mara mzima, mara ana viazi. Nahodha wa Madereva akanipigia simu kuniambia kwamba hawatacheza tena mechi ninayochezesha mimi. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupandisha sauti. "Tulikuamini, refa," akasema. Nilikuwa na jibu mdomoni, zima, limeiva, na nikalimeza, maana neno moja kwake lingefika kwa madereva wote wa Al-Rawdah kabla ya magharibi, na kwa baba baada ya magharibi. Nikamwambia, "Halas, nimesikia." Wiki tatu zikapita, zikawa tano, zikawa saba. Simu ya winga ilikuwa imezimwa, na kwenye duka la matairi sikuthubutu kwenda na sare yangu. Baadhi ya siku nilijiambia yuko salama. Siku nyingine nilijiambia yuko nyumbani Kenya anatazama linta.

Wiki ya nane nilikuwa zamu mchana, kwenye paking ya supamaketi. Ikaingia pikapu imejaa matairi, dereva kofia imemfunika macho, akaja akasimama katikati kabisa ya njia, akaziba mlango wa kuingia na wa kutoka. Ana wazimu huyu? Sikutumia ya kulia. Sijui kwa nini, mkono ulienda wenyewe kushoto. Prrrrrr!

Dereva akainua mikono miwili juu ya usukani. Kisha kioo kikashuka, polepole, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mkono wenye ikama. Mpya. Jina lake, picha yake akijitahidi asicheke, na chini yake jina la mzee wa matairi. Nikaisoma mbele, nikaisoma nyuma, nikaigeuza nikaisoma tena kwa ukali wote wa serikali, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisumbua.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa."

"Haya. Nirudishie goli langu."

Nyuma yake magari yalikuwa yamepangana, yanapiga honi, mama mmoja ameshuka anauliza kuna nini. Nikairudisha ya chuma mfukoni. Nikatoa nyeusi, nikapuliza mara moja, bila shaka yoyote, nikanyoosha mkono wangu wote katikati ya paking.